Kistari Kirefu cha Mkuu wa Kitengo

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Siku njema. Nimegundua ugonjwa ambao kampuni nzima haiuoni. Vistari!

Sisi ni kitengo cha miongozo. Kuna programu ya kupanga ratiba za shule. Wanaitengeneza wengine, ghorofa ya juu, wenye viti vya kuzunguka. Kazi yetu ni kumweleza mteja abonyeze wapi. Mwongozo una kurasa nyingi, umeandikwa na watu wengi kwa miaka mingi. Leo naupitia huku nasubiri chai ipoe, nikaona. Sentensi ya kwanza ina kistari kifupi. Ya pili ina cha kati. Ya tatu ina vifupi viwili vimefuatana, kana kwamba mwandishi alishtuka. Na kote huko panatakiwa kistari kirefu, kilichonyooka, kinachompa msomaji nafasi ya kuvuta pumzi. Aibu gani hii!

Nikamwonyesha Kimya, mwenzangu wa meza ya pili. Tunamwita hivyo kwa sababu salamu yake ya asubuhi ndiyo hotuba yake ya siku. Mtindo wake wa kazi hauna mvuto hata kidogo: anaandika hatua moja, anaifanya mwenyewe kwenye kompyuta aone kama inakubali, ndipo aandike ya pili. Siku nzima, ukurasa mmoja. Alivitazama vistari, akasema ni kweli vinaudhi, akauliza kama nitavipitia kimoja kimoja. Nikacheka. Kimoja kimoja!

Jambo lenyewe ni hili. Bosi wetu anastaafu wiki hii, na Ijumaa atamtangaza mrithi wa kiti chake. Ni mimi au Kimya, hakuna wa tatu. Kiti kina chumba, na chumba kina mlango. Shida ni kwamba nyumbani nimeshasema nimekipata. Sikukusudia. Mama mkwe alifika juzi kututembelea, akaniuliza kazini naendeleaje, na kwa kuwa ulimi hauna mfupa nikajisikia nasema kwamba sasa mimi ni Mkuu wa Kitengo. Akapiga vigelegele mpaka jirani akachungulia.  Baadaye jikoni mke wangu akaniambia nisikate mbeleko na mwana hajazaliwa. Nikamjibu mwana yuko njiani.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mpango umekamilika. Ni mzuri mpaka naona haya.

Kuna ukurasa ambao Bosi huutazama kila mwisho wa wiki. Unaonyesha nani amerekebisha mistari mingapi. Jina la Kimya huwa limekaa chini huko, jembamba. Nikivinyoosha vistari vyote vya mwongozo mzima, jina langu litafunika skrini. Na nani atamnyima kiti mtu aliyefunika skrini?

Kikwazo kilikuwa kimoja, utaratibu. Hapa kwetu hakuna badiliko linalokwenda kwa wateja bila macho ya mtu wa pili. Ukiandika wewe, anaidhinisha mwingine. Ningempa Kimya, angelisoma neno kwa neno na kumaliza mwakani. Kwa hiyo nimempa Sawa.

Sawa ni mwandika programu wa ghorofa ya juu, mtu mwema, hana adui. Jina amelipata kwa jibu lake. Ukimpelekea badiliko dogo atakuuliza maswali mpaka ujute. Ukimpelekea kubwa, analitazama urefu, anahema, anaandika “sawa”. Nililifahamu hilo zamani nikalihifadhi, kama mtu anavyohifadhi mwavuli.

Kazi yenyewe haikuwa kazi. Kompyuta ina sehemu ya kutafuta kitu na kukibadilisha popote kilipo. Nikaiagiza: kila kistari cha kati, na kila penye vifupi viwili vilivyofuatana, weka kimoja kirefu. Ikaniuliza kama nina hakika. Mashine nayo ina wivu! Nikabonyeza ndiyo. Sawa alikuwa ameshaandika sawa kabla sijarudi kutoka kuosha kikombe.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Mwongozo mpya uko kwa wateja. Nimeufungua mara nyingi bila sababu yoyote ila kuutazama. Umetulia. Umependeza. Unaweza kuusoma ukiwa umejilaza.

Bosi alisimama mezani kwangu, akasema ameona jina langu limejaa kwenye skrini, kuna nini? Nikasema ni usafi tu. Akasema vizuri. Vizuri! Kimya alisikia. Alikuwa anajaribu hatua fulani kwa mara ya tatu na kompyuta inamgomea. Nilimhurumia kidogo, hasa shingo yake.

Nyumbani, mama mkwe hakukaa bure. Ametoka asubuhi peke yake, akaulizia njia mpaka kwa fundi wa mabango, nyuma ya kituo cha mafuta, akaagiza kibao cha mlango wa ofisi yangu. Ni zawadi. Mbao nyeusi, herufi nyeupe, cheo changu chote. Atakichukua Jumatatu asubuhi na kukileta ofisini mwenyewe, na misumari yake. Nikamwambia mama, usijisumbue. Akasema, “Mwanangu, mkwe kama wewe nitampata wapi? Acha nikakione hicho kiti, na mimi nikikalie kidogo.”

Mke wangu aliosha vyombo kwa kishindo. Vingine vilikuwa visafi.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Bwana Halo, yule anayepokea simu za wateja, hajawahi kupanda kwetu tangu niajiriwe. Leo amepanda, tena anahema. Shule zinapiga simu. Ratiba hazitoki. Wanafuata mwongozo, wananakili amri jinsi zilivyo, wanazibandika, na kompyuta inakataa. Nikamwambia tatizo ni kwamba wateja hawasomi. Akasema wamesoma. Nikasema basi wasome tena taratibu, vistari vipya vitawasaidia kupumzika. 

 Kimya alifungua mwongozo, akanakili amri ya kwanza, akaibandika. Ikakataa. Akasogeza uso karibu na skrini. Kisha akanigeuzia skrini nijionee.

Naeleza bila jazba. Mwongozo wetu umejaa amri, maneno mafupi ambayo mteja anayabandika ili kompyuta itende. Karibu kila amri ina vistari viwili vifupi vilivyofuatana. Kompyuta haikusomea uandishi. Inavitambua hivyo viwili, basi. Mimi nilibadilisha kila penye viwili. Kwa hiyo nilizigusa amri zote, sura zote, haikupona hata moja. Kwa macho tu, niseme ukweli, sasa zinapendeza zaidi.

Maji yalinifika shingoni. Nikamwomba Kimya tuuchune mpaka kesho, tangazo likishapita. Akasema kuna watoto wanasubiri madarasa. Akampigia Bosi. Halafu akaurudisha mwongozo wa zamani kwa mguso mmoja, na vistari vyangu vyote vikafa, vyenye hatia na visivyo na hatia. Niliumia. Sitaki kuficha.

Jioni shemeji alikuja kula, kaka yake mke wangu. Ni fundi wa kompyuta kwenye shule moja, na shule hiyo inatumia nini? Programu yetu! Hakuwahi kusema, au alisema nami sikusikiliza. Kijiko hakikwenda mdomoni. Ratiba ilimgomea asubuhi akapanga vyumba kwa kichwa, na kwa haraka akaweka darasa la hesabu na darasa la kuimba chumba kimoja. Mwalimu wa hesabu kafundisha, nusu ya chumba inaimba, na wanaojifunza hesabu wakaanza kuitikia. Mkuu wa shule kamfokea shemeji mbele ya wazazi. Yeye, ambaye hajawahi kuchelewa hata siku moja. Alisema hivi kwa sauti ndogo, na hapo sikupenda nilivyojisikia.

Kisha akasema, “Nikimpata aliyeandika ule mwongozo, haki ya nani nitamlisha karatasi zake!” Mama mkwe akamtuliza. Akasema asihangaike, shemeji yake ndiye mkuu wao, amweleze tu, naye atamshughulikia huyo mjinga. Wote wakanigeukia. Nikasema nitamshughulikia. Mke wangu akainuka kwenda kuleta maji yaliyokuwa mezani.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Ni Kimya.

Bosi alitangaza asubuhi, tumesimama katikati ya meza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nilisahau. Watu walipiga makofi, nami nikapiga, nikahakikisha yangu yanasikika. Yeye alisema asanteni, akarudi kukaa.

Baadaye Bosi akaniita ndani. Nilijiandaa kufokewa, na afadhali angenifokea. Alisema kwa upole kwamba vistari vilikuwa vibaya kweli, jicho langu ni zuri, na Kimya ameomba kazi hiyo nibaki nayo mimi. Niifanye ukurasa kwa ukurasa. Kila amri niijaribu kwenye kompyuta kabla ya kwenda mbele. Na Sawa asiidhinishe tena asichokisoma. Akauliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa. Akauliza nimeelewa nini. Nikasema yote. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Nilipotoka nilipata wazo safi. Nikamwendea Kimya, nikampa hongera mara mbili, nikamwomba Jumatatu aniazime kile chumba, kwa muda mfupi tu, mama mkwe apachike kibao, akalie kiti, aondoke. Kimya alifikiri. Akasema chumba atanipa, kiti pia, hata chai ya mama atatengeneza yeye, lakini kwanza nimwambie mama ukweli. Sasa huo ni msaada gani?

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Mke wangu amejua. Sikumwambia, alisema nilipoingia jana nilifunga mlango kwa adabu, akajua nimekikosa.

Nilidhani atanisema. Alikaa kitandani akikunja nguo, akaniambia yeye hakuolewa na kiti. Aliolewa na mimi, na mama yake anajua vizuri binti yake kaolewa na nani, akanipenda hivyo hivyo kabla ya vibao. Lakini mama mtu mzima kuja kusimama na misumari mkononi mbele ya mlango wa mtu mwingine, watu wakimtazama, hilo hatanisamehe. Machozi yalinilenga. Nikamshika mkono uliokuwa na soksi.

Tumekubaliana. Kesho naenda kwa fundi wa mabango nikasitishe kibao. Nikirudi, namkalisha mama, namweleza yote, na habari ya shemeji pia. Nimeahidi. Nimelala mchana kwa amani ya ajabu.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Nimekwenda kwa miguu ili nipange maneno. Nitamwambia fundi: asiendelee, mimi si mkuu, nitamalizana na mama mwenyewe. Nilikuwa nimetulia kabisa. Njiani nilijisikia mtu mpya.

Fundi alikuwa ameshamaliza. Kibao kimeegemezwa ukutani kinakauka. Mbao imepigwa msasa vizuri, rangi nyeusi tii, herufi nyeupe zimesimama wima. MKUU WA KITENGO, halafu kistari, halafu MIONGOZO.

Kistari kifupi!

Niliinama. Nikakitazama upande huu, nikakitazama upande ule. Kifupi, kinene, hakina pumzi. Nilifumba macho nikajaribu kuyakumbuka maneno niliyoyapanga njiani, na kila nilipoyafumbua kile kistari kilikuwa bado pale. Kuna mambo binadamu hawezi kuyapita. Nikamweleza fundi tofauti kati ya kifupi, cha kati na kirefu. Alisikiliza kwa heshima, brashi sikioni, kisha akasema tangu aanze kazi hii hakuna mteja aliyelalamika. Nikamwambia wateja hawasomi.

Akasema akikirefusha hicho, maneno yatasogea, itabidi aunge ubao mwingine, na kibao kitakuwa karibu na upana wa mlango wenyewe. Nikamwambia mlango ni mkubwa, nimeupima kwa macho. Akauliza kama mama ataridhika. Nikasema mimi ndiye mwenye cheo.

Nikawa naondoka, ndipo nikauona ukuta wake. Vibao vya kinyozi, vya mshona nguo, vya duka la matairi, vyote vinasubiri wenyewe, na hakuna vistari viwili vinavyolingana! Nikamweleza kwamba vyote hivyo vinaweza kunyooshwa kwa mkupuo mmoja, asubuhi moja, bila kumsumbua mwenye kibao hata mmoja. Alisita. Akasema vingine vina namba za simu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, Jumamosi nitarudi na rangi yangu.

Nyumbani mke wangu alikuwa mlangoni. Akauliza kama nimefika kwa fundi. Nikasema nimefika, na mambo yamenyooka. Akatabasamu, maskini, akaniambia basi mama yuko sebuleni, nikamweleze. Nikamwambia kesho. Fundi kaahidi kibao kitakuwa tayari mapema, kabla mama hajaamka.