Kuhusu Kupangwa Kwangu Kuanza Mwisho kwa Sababu ya Nguvu Zilizoonekana Bandani

Banda la Manyoya, Shamba la Tulloch,
Dunmore Flat, Otago ya Kati.
Mwisho wa Agosti. Maji ya mbwa bado yanaganda.

Kwa Ndugu Fergus Haggitt,
Mpangaji wa Zamu za Kuanza,
Klabu ya Baiskeli za Mlimani.

Ndugu Fergus,

Natumaini barua hii itakukuta umepona mafua, na kwamba barafu ya bomba lenu la jikoni imeshayeyuka. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi.

Nimeiona karatasi ya mbio uliyobandika kwenye dirisha la duka la mikate. Niliisoma kuanzia juu, kama nilivyozoea. Miaka yote jina langu hutangulia, kwa kuwa klabu yetu huwaachia wanyonge waanze kwanza, kisha wenye nguvu huachiwa mmoja mmoja wawafukuze. Safari hii juu hapakuwa na jina langu. Nilifurahi, nikidhani nimesahauliwa. Ndipo shemeji yangu Ross, kaka wa mke wangu Noeline, aliyekuwa nyuma yangu na pai ya nyama mdomoni, akanigusa bega. "Shuka chini, shemeji. Shuka. Shuka tena, usiogope. Hapo hapo, pamoja na vijana wa mji wa Wanaka."

Ndugu Fergus, umenipanga kuanza mwisho kabisa.

Sheria ya daraja unaijua kuliko mimi, maana uliiandika wewe: asiyevuka daraja la mbao kabla ya saa sita mchana hurudishwa nyumbani. Mimi nimerudishwa miaka mitatu mfululizo, na kila mwaka nilikuwa wa kwanza kuanza. Moana Tipene, ambaye kazi yake ni kuendesha nyuma ya watu wote akikusanya walioshindwa, anaujua mgongo wangu kuliko daktari wangu. Mwaka jana niliziona mbao za daraja kwa macho yangu. Nilikuwa nazihesabu wakati Moana aliposhika kiti changu kwa upole akasema, "Basi mjomba, geuza tu. Supu inapoa." Sina tamaa ya ushindi. Nina miaka hamsini na minane, goti moja zima, na ninachotaka ni kulivuka daraja lile mara moja tu, nikiwa juu ya magurudumu yangu. Ukinianzisha mwisho, hata kuliona sitaliona.

Hoja yako naielewa. Unatazama jedwali la kipupwe, ambapo kila mwanachama hukanyaga baiskeli nyumbani kwake na mashine inayoshika gurudumu la nyuma hutuma matokeo kwako kwa intaneti. Jina langu liko juu ya jedwali hilo. Sikatai. Ulilisoma mbele ya watu kwenye mkutano wa Julai, nikapigiwa makofi, nikala mikate yote ya jibini ya zawadi, na nikawapa vijana mawaidha mafupi juu ya uvumilivu. Mawaidha yale sasa nayaondoa. Namba zenyewe sijawahi kuziona. Binti yetu aliyenifungia mashine alizificha tangu wiki ya kwanza akisema, "Baba, wewe tazama mandhari tu." Kwa hiyo nilipoambiwa nina nguvu nilishangaa kama wengine, ila nilishangaa kwa muda mfupi zaidi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Bandani hakuna mlima. Mlima uko kwenye skrini. Mashine hukaza gurudumu kidogo ili mtu aone haya, basi. Hakuna mizizi, hakuna tope, hakuna miiba ya waridi mwitu ya kukurarua soksi. Kipupwe chote nimeanguka mara moja tu, nayo ilikuwa wakati wa kushuka. Mtu asiyeanguka hajafanya mazoezi ya mchezo huu, na asihesabiwe.

2. Upepo wa bandani ni wa feni, na mimi huuzima kwa kidole cha mguu. Nimefanya mazoezi karibu na hita, nikiwa na bilauri ya Milo kando na kondoo mmoja mgonjwa akinitazama. Kondoo huyo amepona. Siku ya mbio hatakuwepo, na sijui moyo wangu utalipokeaje jambo hilo.

3. Chombo chenyewe kina hitilafu, na ushahidi ninao. Kila Alhamisi asubuhi nakuta kiti cha baiskeli kimeshuka upana wa kiganja. Ross ananiambia ni baridi, chuma hunywea. Taulo nililolianika kavu nalikuta limelowa chapachapa. Nimepanda juu ya paa mara mbili kuziba tundu ambalo, ukiniuliza, linavuja juu ya taulo peke yake. Tena umenieleza kwenye simu kwamba matokeo yangu makali yote yanakufikia Jumatano jioni. Jumatano jioni, Ndugu Fergus! Saa hizo mimi niko kwenye mazoezi ya zimamoto, nakunja mipira ya maji pamoja na wewe. Binti yetu anasema intaneti ya bonde hili ni dhaifu. Bila shaka juhudi zangu za Jumanne zinachelewa njiani na kukufikia siku ya pili zikiwa zimevimba. Huwezi kumwadhibu mtu kwa sababu ya uvimbe wa intaneti.

4. Mazoezi ya ndani yameniharibu. Jumapili nilitoka nje na baiskeli kwa mara ya kwanza tangu Mei. Nilipokanyaga, ikaenda! Nilikuwa nimesahau kuwa huwa inaenda. Nilipofika kwenye kona ya lango la Ross, hapo jirani, nilitulia nikaisubiri kona inipindishe, kama inavyofanya kwenye skrini. Kona haikufanya kitu. Noeline alikuwa dirishani jikoni akipiga kelele, "Pinda, Graeme! Pinda!" Na baada ya kishindo: "Breki ziko palepale zilipokuwa mwaka jana, mzee!" Ross alitoka kulitazama lango kwanza, kisha mimi. Akasema lango limepona.

Kwa hayo yote, naomba kwa heshima urudishe jina langu juu ya karatasi, mahali ambapo jua la dirishani limeshalizoea.

Ikiwa jambo hilo litaitia klabu aibu, kwa kuwa makofi yalishapigwa, naomba basi mbio zenyewe zihamishiwe ndani. Banda langu linatosha. Kila mshindani aje na mashine yake na feni yake, na vijana wa Wanaka wakae upande wa zizi. Ambaye atalikosa tope, Ross amejitolea kusimama na ndoo, na ameomba, bila kutaja sababu, awekwe mkabala na mimi. Moana atakaa kitini nyuma yangu na sufuria ya supu, jambo litakalompunguzia safari. Lile daraja tuling'oe mtoni tulilete mlangoni, ili atakayemaliza alivuke akienda nyumbani kula. Mimi na kikosi cha zimamoto tutalibeba. Watakaobaki ng'ambo ya mto bila daraja tutawaokoa, kwani ndiyo kazi yetu.

Na ikiwa hilo nalo ni gumu, basi saa sita mchana isogezwe. Nimetafakari sana, na naona saa kumi na moja jioni ni saa sita nzuri tu kwa mtu wa umri wangu.

Msalimie sana mkeo, mwambie asiliguse bomba kwa maji ya moto tena. Wasalimie wanakamati wote. Salamu pia kwa Moana, nyuma huko aliko. Ross usimsalimie; anasoma begani kwangu.

Ni mimi, mwenye nguvu kwa makosa,
Graeme Tulloch.

Baada ya sahihi:

Nilimpa Noeline barua hii anisahihishie tahajia. Alisoma lalamiko la kwanza akiwa anafuma. Kwenye la tatu aliweka sindano chini.

"Wewe mzee," akasema, "chuma kinanywea?"

Nikamwambia kaka yake ndiye aliyesema.

"Kaka yangu anajua. Kaka yangu amejua tangu Juni. Na taulo je, nalo lilitoka jasho lenyewe?"

Ndugu Fergus, kumbe kila Jumatano, gari la zimamoto likishapita lango, mke wangu huingia bandani, hushusha kiti, huigeuzia skrini yangu ukutani, na kukanyaga huku akitazama tamthilia yake ya madaktari kwenye simu. Hapandi mlima wowote. Anakanyaga tu mpaka kipindi kiishe, na mgonjwa akizidiwa yeye huongeza kasi. Ule mlima mliodhani nimeupanda, mkaupigia makofi Julai, ulikuwa upasuaji wa moyo, sehemu ya kwanza na ya pili. Nimemuuliza kwa nini alinyamaza nilipokuwa nikila ile mikate. Amesema alitaka kuona kama nitamwachia hata mmoja.

Kwa hiyo tafadhali yapuuze yote yaliyoandikwa hapo juu, isipokuwa habari ya mafua. Mashine haina kosa, intaneti haijavimba, paa langu ni zima na sasa lina viraka viwili visivyo na kazi. Kwenye karatasi ya dirishani, pale chini kabisa, futa Graeme, andika Noeline. Tulloch iache ilivyo. Amekubali. Nikiandika haya yuko nje anapaka mnyororo mafuta. Mimi niweke juu, unapopajua. Na Jumamosi nitaleta kwenu klabuni sinia ya mikate ya jibini ya moto, ili apewe mwenyewe mbele ya watu walewale.

Anasema atanipita kabla ya daraja, na hatasimama kunisalimia, ila atanikumbusha breki ziliko. Mimi nimemwambia atanipita tukiwa juu ya daraja lenyewe. Tumebishana hadi chai imepoa. Anipite kama upepo wa feni akitaka, Ndugu Fergus. Mradi anikute juu ya zile mbao.