Chumba Kidogo cha Juu

Jumatatu, 2 Februari

Siku ya kumi na saba ya ndoa! Mke wangu Tamsin amejilaza kwenye kochi na kofia ya sufu kichwani, glavu mikononi, na bado ni mzuri kuliko malkia yeyote. Nyumba hii ya halmashauri ni baridi kama kaburi. Lakini barua imefika! Serikali imetoa ruzuku. Kuta zitavikwa tabaka la kuzuia baridi, boila za gesi za kupasha nyumba joto zing'olewe, tufungiwe pampu ya joto. Mashine inachota joto hewani hata theluji ikianguka! Kasoro moja. Mtaa wetu una nyumba ishirini zinazongoja, ruzuku inatosha nyumba tisa. Zitachukuliwa zile zenye baridi zaidi, na kazi lazima iishe kabla ya mwisho wa Machi, la sivyo fedha zinarudi London. Nimemwahidi Tamsin kwamba mwakani atavaa gauni lake la harusi humu ndani bila koti. Akalia kidogo. Nami pia.

Jumatano, 4 Februari

Bwana Pickersgill wa ofisi ya nyumba kaja kufunga vidude vyeupe ukutani, kimoja kila chumba. Vinapima joto, unyevu na hewa tunayotoa puani, na vipimo vyote naviona kwenye simu yangu! Nikamuuliza, kama mtu asiye na nia yoyote, itakuwaje nyumba ikipoa sana. Akajibu kwamba vidude vitasema vyenyewe. Kanywa chai vikombe viwili, koti hakuvua.

Mpango: kesho tukienda kazini, madirisha yote wazi. Akili ninayo!

Alhamisi, 5 Februari

Sebuleni nyuzi joto saba. Jikoni sita. Safi sana! Chumba kidogo cha juu, ambacho hata hatukitumii: nyuzi kumi na tisa.

Dirisha lake limefungwa. Nililiacha wazi, naapa. Tamsin anasema si yeye, alikuwa kazini kwenye duka la mikate tangu alfajiri. Namshuku Bi Glenys wa nyumba ya pili, anayeitaka ruzuku kwa udi na uvumba. Lakini ufunguo hana.

Jumamosi, 7 Februari

Leo nimekifunga kidude cha chumba kile kwa mfuko wa njegere za friza, nikaukaza kwa soksi yangu. Tukatoka kula samaki na chipsi. Tamsin kanilisha chipsi kwa mkono wake, mbele ya watu! Tukarudi. Njegere ziko sakafuni, nje ya mlango. Soksi iko juu yake, imekunjwa vizuri. Tamsin akasema mimi sijakunja soksi tangu nizaliwe. Kweli kabisa.

Nimeangalia simu. Tulipotoka tu, hewa ya puani mle chumbani ilianza kupanda, taratibu, ikabaki juu. Hivyo hivyo ndivyo inavyopanda chumbani kwetu tukilala.

Jumanne, 10 Februari

Bi Glenys kanidaka uani. Amevaa makoti mawili. Boila yake kaizima wiki nzima, mwizi mwenzangu yule! Akasema, “He, bwana harusi! Huyo mgeni wenu hachoki kukohoa?” Nikamwambia hatuna mgeni. “Haya, mfiche. Mimi simo. Nyumba yako ikiwa ya moto, yangu inapanda kwenye orodha.”

Kisha akaacha kucheka. Akaniuliza, kama hatuna mgeni, ni chumba gani chenye vituko. Nikamwonyesha dirisha la chumba kidogo. Akasema hapo ndipo alipofia Mzee Edgar Threlfall, aliyepanga nyumba hii kwa miaka arobaini na moja. Ruzuku ya kwanza ilipokuja, yeye alikuwa nambari kumi. Zikatengenezwa nyumba tisa. Baridi ilipozidi akahamia chumba kile, kwa sababu ndicho pekee alichoweza kukipasha joto. “Na dirisha wazi alikuwa halitaki hata kwa dawa. Mwanangu, mwache mzee wa watu.”

Ijumaa, 13 Februari

Msiba! Bwana Pickersgill katutoa kwenye orodha. Chumba kimoja kina joto mno, na humu wanaishi watu watatu wakati tumeandikisha wawili. Nikakana. Akasema, “Bwana Clive, watu wanadanganya. Hewa haidanganyi.”

Tamsin kanitazama kwa macho yale, yamejaa machozi. Moyo wangu! Hapo hapo nikauliza: je, huyo wa tatu akiwa mzee mwenye kifua kibovu? Bwana Pickersgill akafunua makaratasi yake. Akasema nyumba ya namna hiyo inatangulizwa mbele ya zote, ijazwe fomu tu.

Alipoondoka Tamsin akanishika mkono. “Clive, usimwandike. Ukimwandika umemkaribisha.” Jinsi anavyonijali!

Jumatatu, 16 Februari

Nimemwandika. Edgar Threlfall, miaka themanini na nne. Fomu nikaiacha kwenye meza ya chumba kidogo, nikashuka kutafuta kalamu nimtilie sahihi mimi mwenyewe.

Niliporudi ilikuwa imeshatiwa sahihi. Wino mbichi. Herufi zinatetemeka. Na pale wanapouliza kama wakaazi wote watahama wiki mbili mafundi wakifanya kazi, kajaza neno moja: Sitoki.

Tamsin kaenda kwa mama yake. Kasema hakanyagi humu tena mpaka niichane fomu. Maskini kipenzi changu, baridi inamchosha! Fomu nimeipeleka. Tuko nambari moja! Atarudi akisikia. Na mzee akibaki si ndiyo vizuri, atawafungulia mafundi mlango.

Ofisini nimechukua na fomu ya bafu jipya. Wakaazi wakiwa wanne, halmashauri inaleta bafu kubwa. Nimepanda juu, nikauliza mlangoni kama mzee alikuwa na mke.

Amegonga mara moja. Nadhani ni ndiyo!