Umbali Sifuri kwa Daktari wa Meno

Kwa taadhima kubwa, Idara inapenda kuutangazia umma, hasa umma uliobakiwa na meno machache, kwamba umbali kati ya mzee na daktari wa meno umefutwa. Haukupunguzwa, umefutwa. Nasema hivi nikiwa Katibu wa Kamati ya Kusogeza Huduma za Kinywa kwa Wazee, na tepu ya kupimia niliishika mimi mwenyewe.

Tulipoanza kazi, hali ilikuwa ya kusikitisha. Mzee alikaa kwenye benchi la mbao mwisho wa korido. Daktari akiita, mzee ananyanyuka na kutembea hatua kumi na nne mpaka mlangoni. Hatua kumi na nne! Kamati ilikaa vikao vitatu, ikanywa chai ya kutosha, ikaazimia kwamba huduma isogezwe. Kumsogeza daktari hakukuwezekana, kwa sababu kiti chake kimeungwa na mabomba. Tukasogeza benchi. Robo ya kwanza ya mwaka tulifika hatua tisa, robo ya pili hatua nne, na robo ya tatu benchi likagusa mlango. Mafanikio yasije yakarudi nyuma, tukalifunga sakafuni kwa bolti nane.

Binadamu hawana shukrani. Mlango ule hufungukia nje, na siku bolti zinakazwa daktari alikuwa ndani. Alipitisha barua chini ya mlango kulalamika kwamba hawezi kutoka. Nilimjibu siku hiyohiyo, kwa njia ileile, kwamba barua yake imepokelewa na inafanyiwa kazi. Tangu hapo akawa anaingia na kutoka kwa dirisha la nyuma. Wazee wenye magoti mazima nao wakaanza kupanda kreti la soda na kuingia hukohuko. Hatukuwaweka kwenye takwimu, maana hawakupita kwenye benchi.

Mama yangu mzazi hana magoti mazima. Alishona cherehani miaka arobaini, akikata uzi kwa meno, na sasa gego moja la chini lilikuwa limemvimbisha shavu. Alikaa kwenye benchi letu jipya, mgongo kauegemeza mlangoni.

"Mwanangu, jino linaniua," alisema. "Wiki ya pili hii sijatafuna kitu. Hebu nifungulieni mlango."

"Mama, kitakwimu umeshafika."

"Nimefika wapi?"

"Kwa daktari. Uko umbali sifuri."

Alilishika shavu lake. "Wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sijui nilikosea wapi."

Sitaficha, iliniuma. Lakini saa za kazi Katibu hana mama. Nilimwandikia kwenye rejista: amefikiwa.

Kisha ikafika siku ya uzinduzi. Mkurugenzi alikuja kukata utepe, suti nyeusi, tumbo limetangulia. Wazee kumi na wawili, mama yangu akiwemo, walipangwa ukutani kupiga makofi. Mkurugenzi akahutubia nusu saa nzima kwamba kutafuna ni haki na kwamba hakuna mzee atakayeachwa nyuma. Ili kutilia mkazo, alichota karanga kwenye sahani ya wageni, akazitia kinywani, akatafuna kwa uzalendo.

Ikasikika: ka! Karanga hazilii hivyo.

"Mama yangu wee!" Mkurugenzi alishika taya. "Daktari! Nipelekeni kwa daktari!"

"Mheshimiwa, umeshafika," nilimwambia. "Umbali ni sifuri."

Alivuta kitasa. Mlango ukagonga benchi. Akavuta tena kwa mikono miwili, mlango ukagonga tena, na utepe ukaanguka kabla ya kukatwa.

"Zungukeni nyuma!" daktari aliita kutoka ndani. "Huku kuna dirisha!"

Mkurugenzi alizunguka mbio, akapanda kreti, akatanguliza kichwa na mikono. Mabega yalipita. Tumbo likagoma. Dereva wake akasukuma, mimi nikavuta, mpaka tukagundua kwamba tunashindana. Nusu ya juu ikawa imepokelewa na daktari, nusu ya chini imebaki na sisi.

"Nitibu hapahapa!" nusu ya juu ilipiga kelele.

"Siwezi, mheshimiwa, umeinamia sakafu. Na ukikaa hapo dirishani, na mimi nitatokea wapi leo?"

"Basi ng'oeni hilo benchi! Sasa hivi!"

Hapo ndipo mafunzo yangu yaliponisaidia. Nilimkumbusha, nikiuelekea mkanda wa suruali yake, kwamba kwa kanuni aliyoitia sahihi mwenyewe, benchi huondolewa kwa amri ya maandishi, na amri husainiwa uso kwa uso na Katibu. Uso wake ulikuwa ndani. Wangu ulikuwa nje. Ili tukutane ilibidi niingie, na mlango ulizibwa na benchi, dirisha limezibwa na yeye. Nikashauri Kamati ikutane Alhamisi.

Yaliyotoka ndani sikuyaandika kwenye kumbukumbu.

Wakati huo mama yangu alikuwa amejikongoja mpaka nyuma ya jengo, mkono shavuni. Aliitazama ile miguu miwili inayopiga hewa, akanitazama mimi na faili langu.

"Dereva," alisema, "kwenye gari mna spana?"

"Ipo, mama."

"Ilete."

"Mama, huo ni uharibifu wa mafanikio ya umma," nilimwonya.

"Nyamaza wewe. Nilikuzaa bila kamati."

Alimpa spana mzee mmoja aliyekuwa fundi bomba kabla ya kustaafu. Nilitangulia koridoni, nikakaa juu ya benchi kulilinda. Bolti ya nane ilipotoka, wazee kumi na mmoja walilinyanyua nami nikiwa juu yake, wakatutua mwisho wa korido, hatua kumi na nne. Nilizihesabu kwa uchungu.

Mlango ukafunguka. Mama akaingia kwa miguu yake, taratibu, akapanda kiti cha daktari na kushusha pumzi. Nilisimama mlangoni, na kwa kweli moyo ulinilegea nilipoona jinsi lile shavu lilivyovimba.

"Daktari, mimi kwanza!" Mkurugenzi alidai kutoka dirishani. "Unajua mimi ni nani?"

"Nakujua, mheshimiwa. Wewe ni wa pili. Huyu mama ana wiki mbili kwenye foleni." Daktari alimchoma mama sindano ya ganzi, akasubiri, kisha akatazama huku na huku. Hana msaidizi, nafasi hiyo Kamati iliifuta ili kununua bolti. "Mheshimiwa, naona mikono yako haina kazi. Nishikie taa."

"Mimi?"

"Juu kidogo. Kushoto. Hapo hapo, usitikisike."

Mkurugenzi alishika taa. Alishika dakika ishirini, ananing'inia dirishani, jasho linamtiririka, macho yake karibu kabisa na kinywa cha mzee wa kwanza ambaye yeye aliwahi kumtazama kinywani. Gego likatoka. Mama akasukutua, akatema, akajifuta kwa ncha ya khanga, kisha akamgeukia.

"Ahsante, mwanangu," alisema, ulimi ungali mzito kwa ganzi. "Mkono wako umetulia. Kumbe kazi unaiweza, ila hawajawahi kukupa."