Wanafunzi Niliopewa Niwafundishe Biashara

Duka la Vifaa vya Shamba,
Mosocho.

Kwa Mwalimu Linet Nyakundi,
Mratibu wa Masomo ya Ujasiriamali.

Mwalimu mheshimiwa,

KUH: KUONDOLEWA KWA WANAFUNZI WATATU DUKANI KWANGU

Nakuandikia nikiwa nimevaa koti, ili ujue jambo lenyewe si dogo.

Mwezi Januari uliniomba niwe mlezi wa kundi la wanafunzi wanaoanzisha biashara. Ulisema nina uzoefu, nami nikakubali kwa sababu ni kweli: nimeuza majembe hapa miaka ishirini na sita. Ukanipa Sheila, Bosire na Orpah, waliokuwa na wazo la krispi za ndizi zenye pilipili. Malalamiko yangu ni haya.

1. Wanauliza. Siku ya kwanza, kabla sijamaliza somo langu kuhusu uvumilivu, Sheila alisema, "Mzee, haya majembe mazito, kabla ya kuyaleta ulimuuliza nani kama anayataka?" Nilimwambia tutalifikia swali hilo. Hatujalifikia.

2. Niliwatuma soko la Nyamache wakawaulize akina mama kuhusu krispi. Wakasema mlezi huandamana na kundi. Nilivaa kofia ya mvua iliyonifunika hadi nyusi. Mama mmoja muuza mboga akawaambia krispi hazitaki. Anataka jembe jepesi ambalo limeshatiwa mpini. Bosire akamuuliza kwa nini hanunui Mosocho.

"Kwa yule mzee, yule omogaka?" akasema. "Amefungia majembe nyuma ya waya. Ukitaka kugusa, anakutazama kama mwizi wa kuku."

Bosire aliandika kila neno, kisha akanigeukia na kuniuliza kama nina la kuongeza.

3. Walifunga biashara yao. Baada ya wiki tano tu walikubali kwamba krispi hazina wanunuzi, wakafunga, wakanywa soda wakicheka. Ni malezi gani hayo? Mimi nina kona ya kutengeneza miavuli humu dukani ambayo haijapata mteja tangu kifungua mimba wangu aanze shule, na sasa yeye ni mwalimu. Nilipowaonyesha kona hiyo kama mfano wa uvumilivu, Orpah aliniuliza kwa upole kama naogopa kuifunga. Nilienda nyuma ya duka nikakaa kidogo.

4. Mke wangu Gladys alikuwa akituletea chai. Siku hizi analeta chai na daftari. Juzi aliniuliza kile kiti cha sebuleni kisichokaliwa na mtu kinamtatulia nani tatizo gani. Sasa kiti kiko dukani, na wateja wanakikalia.

5. Hili ndilo zito. Wameanzisha biashara mpya ya kutia majembe mipini myepesi, palepale palipokuwa na miavuli. Waya umeondolewa. Nakiri koleo nililishika mimi, lakini nilishawishiwa. Sasa akina mama wanajaa tangu saa mbili asubuhi. Wanashika majembe, wanayapima kwa mkono, wananiita kwa jina. Sijamaliza gazeti tangu Machi. Yule mama wa mboga alikuja Jumanne, akachagua lake, akaniambia nimebadilika. Nilitaka kukana, lakini alikuwa amesharudi na dada zake wawili.

Kwa hiyo naomba wanafunzi hawa waondolewe mara moja, wasikaribishwe tena karibu na mtu mwenye uzoefu, na chuo kinipe cheti chenye mhuri kinachothibitisha kwamba aliyekuwa mlezi ni mimi.

Nisalimie walimu wote wa kitengo, mlinzi wa lango aliyenionyesha ofisi yako, na mama yako kule Nyanchwa. Gladys angekusalimu, ila yuko na wateja.

Ni mimi niliyetumwa kufundisha,
Thadeus Machogu.

Nyongeza: Usiwaondoe kwanza. Ndani ya bahasha utakuta fomu mbili za kujiunga na masomo yenu ya Septemba, yangu na ya Gladys. Kwenye nafasi ya jina la mlezi tumemwandika Sheila. Gladys anasema kama imebaki nafasi moja, aichukue yeye. Tafadhali, Mwalimu, ziwe mbili.