Mlango Usiofunguka Bila Mimi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Waraka umefika. Kurasa mbili, lugha tamu, maana chungu. Benki inapunguza wafanyakazi, na inaanza na wale "waliotumikia kwa muda mrefu na kwa uaminifu". Yaani mimi. Miaka ishirini na sita!

Kiinua mgongo kimepangwa kama ngazi ya kushukia. Ukitia saini ya kuondoka kwa hiari kabla ya Ijumaa hii saa kumi jioni, unapata mishahara miwili kwa kila mwaka wa kazi. Ijumaa ijayo, mmoja na nusu. Ijumaa ya tatu, mmoja. Baada ya hapo, kile tu kinachotajwa na sheria, ambacho nimekitazama na hakitoshi hata kununua kitanda.

Wenzangu walinywea. Mimi nilicheka kimoyomoyo. Hawa wanadhani nimezaliwa jana? Nani asiyejua mambo ya sokoni? Anayekuharakisha ndiye mwenye shida. Ondoka taratibu, usigeuke, utaitwa. Viatu vyangu vyote nimevinunua hivyo.

Nimemweleza mke wangu. Akauliza kama katika biashara hii mimi ni mnunuzi au ni kiatu. Kisha akasema nitie saini kesho, kabla ya chai. Ameshaongea na mwenye chumba cha duka pale kona, na hesabu yake ni vyerehani vitatu vya umeme vya kushonea sare za shule. Duka hilo amelisubiri tangu mtoto wetu wa mwisho anaota meno. Mtoto huyo sasa ananyoa ndevu.

Nikamwambia avute subira. Tutanunua vyerehani vitano.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Tatizo ni Mama Mihuri. Jina hilo nilimpa mimi, kwa sababu hugonga mihuri kama anaua nzi. Tuliajiriwa siku moja, saa moja. Yeye alisaini daftari dakika nne kabla yangu, kwa hiyo namba yake ya kazi ni ndogo kuliko yangu. Kwa miaka ishirini na sita hajawahi kuniacha nisahau.

Nikawaza hivi: kama yeye akitia saini mapema, makao makuu wataona wazee tuna njaa. Lazima naye asubiri. Nikamfuata dirishani kwake, nikamnong'oneza kwamba nina habari kutoka juu. Wiki ya tatu wanapandisha hadi mishahara mitatu. Asimwambie mtu.

Alinishukuru sana. Akasema kweli mimi ni ndugu. Kisha akainuka, akaenda moja kwa moja kwa meneja, akatia saini ya kuondoka mwisho wa mwezi. Nilipomuuliza kulikoni, alijibu kwamba tangu aanze kunifahamu, kila nilichosema kitapanda kimeshuka.

Mwanamke hana shukrani!

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Saa kumi jioni. Muda wa kwanza wa kusaini umekwisha. Nilipita mbele ya ofisi ya meneja mara sita, polepole, nikiwa nimeshika koti kama mtu anayeondoka. Sikuitwa. Mara ya sita aliinua kichwa, akauliza kama natafuta choo.

Meneja huyu nilimfundisha mwenyewe kuhesabu noti kwa kidole gumba, alipokuja akiwa binti wa mafunzo. Leo ana kiti kinachozunguka. Bado ananiita mzee wangu. Lakini mambo ya kupandisha dau hana.

 Mke wangu ameondoa cherehani kimoja kwenye hesabu yake, kwa penseli nyekundu.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimeelewa kosa langu. Hawajui thamani yangu! Huwezi kumwita mtu usiyeijua thamani yake.

Niandike hapa, maana kuna siku itahitajika. Mlango wa chumba cha hazina hufunguliwa na watu wawili. Mmoja ana ufunguo, mwingine ana namba za siri. Benki haimwamini mtu mmoja, kwa hiyo huweka wawili wasioelewana. Namba anazo Mama Mihuri. Ufunguo ninao mimi, mwaka wa kumi na tisa sasa.

Lakini siri haiko kwenye ufunguo. Mlango ule ni mkaidi. Unaingiza ufunguo, unauvuta nyuma kidogo, unainua kitasa, halafu unasukuma kwa bega la kushoto, hapo hapo kwenye komeo la pili. Si bega la kulia. La kushoto! Hakuna anayelijua jambo hili duniani isipokuwa mimi. Mama Mihuri akishaweka namba zake hugeuka pembeni, kwa utaratibu.

Basi nitaugua.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nimeugua. Tumbo. Ufunguo uko ndani ya soksi, soksi iko ndani ya kiatu, kiatu kiko chini ya kitanda.

Utaratibu unasema ukiumwa uukabidhi ufunguo kabla ya saa moja na nusu, kwa maandishi. Lakini mgonjwa gani anakumbuka utaratibu?

Najua kuna ufunguo wa akiba kwenye tawi la jirani, ndani ya bahasha yenye lakiri. Waulete! Wakishauingiza, bega watalitoa wapi?

Simu ililia mara saba kati ya saa mbili na saa tatu. Sikupokea. Nilijifunika shuka nikawaona wote kwa macho ya moyo: meneja ameshika kichwa, foleni imefika barabarani, mlinzi anasukuma mlango kwa bega la kulia.

Baada ya saa tatu simu ikanyamaza. Wamechanganyikiwa kabisa.

Mke wangu alirudi mchana, akaniuliza ni tumbo la aina gani linalokula sahani tatu. Akasema amepita benki, amechukua pesa kidogo, kumetulia, hakuna hata foleni. Nikamweleza kwamba huko ni kujikaza mbele ya wateja. Akaondoa sahani.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nimeingia kazini kwa mwendo wa mtu anayesubiriwa. Mlinzi alinipa pole ya tumbo. Ndani, kila dirisha linafanya kazi. Mtu anacheka.

Habari yenyewe nimeipata kwa Mama Mihuri, naye aliieleza taratibu ili aifaidi. Maofisa wawili walileta bahasha. Akaweka namba zake. Meneja akaingiza ufunguo wa akiba. Nikamuuliza, bega je? Akauliza, bega gani? Meneja aliuzungusha kwa vidole viwili, huku mkono mwingine umeshika simu. Mlango ulifunguka kama wa kabati la nguo.

Fundi wa vitasa aliitwa leo aukague ufunguo wangu. Aliuinua kwenye mwanga. Meno yamelika. Akasema ufunguo huu umekwisha zamani, angalau miaka kumi na tano, na anashangaa ni nani aliyekuwa akiutumia na kwa nguvu gani. Mlango hauna tatizo lolote. Haujawahi kuwa nalo.

Nilikaa stoo ya makaratasi kwa muda. Bega langu la kushoto limeshuka kuliko la kulia. Fundi cherehani huniambia hivyo kila akinipima koti, nami huvimba kichwa. Sikulia. Lakini niliumia, nakiri hapa ambapo hakuna anayesoma.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Maji yamenifika shingoni. Mgonjwa akibaki na ufunguo bila kuukabidhi, ni kosa la kinidhamu. Na kitasa kizima lazima kibadilishwe, kwa gharama ya aliyekosa. Wakaguzi wawili wamekuja na mafaili. Nikionekana nilikusudia, nafukuzwa. Bila kiinua mgongo. Bila senti!

Nilikimbilia kwa meneja saa nane. Nikamwambia nipo tayari kutia saini sasa hivi, mshahara mmoja na nusu, yaishe. Akanijibu kwa upole kwamba mtu aliye chini ya uchunguzi haruhusiwi kutia saini chochote. Nikamwambia basi nisaini kwa penseli. Haikuwezekana.

Ijumaa ya pili imepita, na safari hii sikuwa nimeondoka taratibu. Nilikuwa mlangoni nimeshika kalamu.

Nilimwambia mke wangu kila kitu, hata soksi. Nilitegemea kelele. Alikaa kitandani, akavua kilemba, akasema amechoka. Hilo tu. Heri angepiga kelele.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Wakaguzi wamemhoji Mama Mihuri. Nilijua nimekwisha. Miaka ishirini na sita anasubiri nafasi hii!

Akawaambia kwamba siku mbili kabla aliniona natokwa jasho na kushika tumbo, na kwamba alinishauri niende hospitali nikakataa kwa ubishi. Akaongeza kwamba mimi ni mbishi sana, waandike hivyo. Uongo mtupu, ukiacha ubishi. Alisema huku akigonga mihuri, bila hata kunitazama.

Nilimfuata kumshukuru.  Akasema hataki kuona mke wangu anateseka kwa ajili ya ujinga wangu, na kwamba mtu mwenye namba ndogo ana wajibu wa kumwangalia mdogo wake.

Nimeguswa. Kweli nimeguswa. Ila hiyo habari ya namba haikuwa na lazima.

Ijumaa, tarehe 21 Machi

Onyo la maandishi. Sifukuzwi! Gharama ya kitasa kipya itakatwa.

Nimetia saini saa tisa na dakika hamsini. Mshahara mmoja kwa mwaka, toa kitasa. Herufi ya kwanza ikawa kubwa kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Meneja alisimama nilipomaliza. Alinipa mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Mzee wangu, ningependa ungesaini ile Ijumaa ya kwanza. Siku ile nilikaa hadi saa kumi na moja, fomu yako iko mezani."

Kumbe alikuwa akinisubiri. Nilipita mara sita mbele ya mtu anayenisubiri.

Kwenye hesabu ya mke wangu kimebaki cherehani kimoja na kodi ya chumba cha miezi sita. Amesema kinatosha kuanzia. Amesema pia kwamba kuanzia leo sina ruhusa ya kuwaza peke yangu. Nimekubali. Nimekoma. Nimeapa mbele yake, nimesimama wima.

Jumamosi, tarehe 5 Aprili

Pesa zimeingia jana. Asubuhi mke wangu amenipa bahasha ya kodi ya miezi sita, amenihesabia mara mbili, amenielekeza: nenda kona, mpe mwenye chumba, chukua risiti, rudi. Yeye amebaki anapaka mafuta cherehani kilichofika jana jioni na kuimba. Sijamsikia akiimba tangu waraka ufike.

Nilikwenda. Mwenye chumba alinipokea vizuri mno. Akanipa kiti. Akasema kuna muuza simu anakitaka chumba, anakuja saa nane mchana na pesa mkononi, lakini kwa heshima ya mke wangu, tukilipa sasa hivi atatuachia kwa kodi ya miezi mitano badala ya sita.

Nikamtazama usoni. Sasa hivi? Mwezi mzima bure? Na huyo muuza simu, kwa nini hayupo hapa?

Mtu huyu ana shida. Nimefanya kazi na pesa miaka ishirini na sita, mtu mwenye shida namjua. Nikamwambia miezi minne, la sivyo naondoka. Akasema hawezi. Nikaondoka.

Sasa ni saa kumi. Niko nyuma ya nyumba, bahasha iko mfukoni, simu iko mkononi. Mke wangu ameniita mara mbili kuulizia risiti, nimemjibu kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Mwenye chumba hajapiga simu bado. Anajikaza tu.