Hotuba ya Kuzindua Njia ya Madaraja Tisa, Todome

Mtukufu Togbui Adzanu wa Nne, chifu wetu mwenye mwavuli mkubwa kuliko yote upande huu wa milima, Mama Malkia, wazee wa kigoda cha chifu, Tsiami Agbenu, msemaji wa chifu, wachungaji wa makanisa yote manne, pamoja na lile lililojitenga Jumapili iliyopita, viongozi wa chama cha wakulima wa kakao, kina mama wa soko, kina baba wa kivulini, wageni wetu kutoka nchi za mbali, mliokuja na fimbo za chuma utadhani milima yetu inauma, mbuzi wa Daavi Akpene, ambaye naomba aondolewe kwenye zulia, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa.

(Makofi. Mbuzi hakuondoka.)

Jina langu mnalijua, lakini kwa ajili ya kumbukumbu nitalitaja: mimi ni Mheshimiwa Innocent Dzokoto, Kaimu Mkurugenzi Mwandamizi wa Kurugenzi Ndogo ya Njia za Miguu, Maporomoko na Mambo Mengine Yanayotiririka, mwenye stashahada mbili na cheti kimoja cha kuhudhuria, na nimesimama hapa leo, katika siku ambayo wanahistoria, kama watapata nafasi, watairejea tena na tena, ili kuwaletea kwa mikono yangu miwili kile ambacho taifa lilikuwa linakisubiri bila kujua kwamba linakisubiri.

(Tsiami Agbenu alimgeukia chifu. Kwetu hakuna anayemwambia chifu neno moja kwa moja, lazima lipite kwa tsiami, na likishapita kwa tsiami likamfikia chifu halirudi tena mdomoni kwa mwenyewe, hata akilia. Tsiami akasema: "Togbui, anasema amefika.")

Nashukuru kwa tafsiri hiyo fupi. Ndugu zangu, miaka miwili iliyopita, katika warsha ambayo mimi mwenyewe niliiandaa, niliiongoza na mwishoni niliipongeza, kurugenzi yangu ilibuni Mradi Jumuishi wa Uendelezaji Endelevu wa Njia ya Kando ya Mto Dzali, kuanzia hapa mlipoketi hadi kwenye maporomoko ya juu, kilomita saba na ushee, kwa madaraja tisa ya kisasa, vibanda kumi na viwili vya kupumzikia, vibao mia tatu na sita vya kumwelekeza mtembeaji asipotee kwenye njia ambayo ni moja tu, na choo chenye mandhari, kitakachomwezesha mtumiaji kuyaona maporomoko nayo maporomoko yasimwone yeye.

(Kicheko. Watu waligeuka kutazama mtoni kama kuna kitu kimeongezeka. Mto ulikuwepo, na mawe yalikuwepo. Tsiami kwa chifu: "Anasema kando ya mto kuna njia." Chifu: "Hiyo aliikata babu yangu kwa panga. Mwambie tunashukuru kwa kutukumbusha.")

Nimepokea shukrani. Sasa, utafiti wetu wa kitaalamu, uliofanyika kwa siku tatu katika hoteli yenye utulivu wa kutosha, unaonyesha kwamba kila mtembeaji mmoja anayepanda kuyaona maporomoko hutokwa jasho lita moja nukta mbili, na kwamba jasho hilo, tukilizidisha kwa idadi ya watembeaji na kuligawanya kwa idadi ya kaya, linaiweka Todome katika nafasi ya tatu kwa maendeleo, tukitanguliwa na sehemu mbili ambazo kwa heshima sitazitaja, maana bado hatujazitafuta.

(Makofi ya watu wasioelewa, ambao ni sisi sote. Mgeni mmoja alijinusa kwapa.)

Ndiyo maana, katika kulinda viwango, niliandika ile barua yangu maarufu, yenye mihuri miwili, iliyowasimamisha waongozaji wote wa Todome wasipandishe mgeni hata mmoja kando ya mto hadi mradi utakapokamilika. Najua mlinung'unika. Najua mmekaa misimu miwili mkiwatazama wageni wakishuka garini, wakipiga picha ubao wangu wa "Njia Imefungwa kwa Maendeleo" na kuondoka. Lakini niwaulize, kiongozi gani mwingine amewahi kuwapumzisha vijana wenu kwa muda mrefu kiasi hicho bila kuwadai chochote?

(Hapa alisimama Yayra, mkuu wa waongozaji, mwenye miguu inayolijua kila jiwe la Dzali kwa jina. "Mheshimiwa, wageni kumi na mmoja wako hapa na mabuti tangu asubuhi. Tuwapandishe?" Daavi Akpene, mama lishe wetu mwenye yule mbuzi, akadakia: "Na mimi nimesonga akple, ugali wetu, sufuria zima. Wasipopanda hawatashuka na njaa, na wasiposhuka na njaa nitaila na nani, na wewe?")

Dada Yayra, keti, tafadhali. Barua ni barua. Mradi usipokamilika, mguu wa mgeni haupiti. Hata hivyo, swali lako limenifurahisha kwa sababu linanipeleka moja kwa moja kwenye takwimu, na ninayo furaha isiyo kifani kuutangazia umma kwamba utekelezaji umefikia hatua ya kuridhisha sana, ambayo kitaalamu tunaiita asilimia arobaini.

(Akasikika Daavi Akpene: "Arobaini tu? Mwanamume mzima na tai yako?")

Nilikuwa sijamaliza sentensi. Arobaini ni ya awamu ya kwanza. Ukiiunganisha na awamu ya pili, ambayo inatembea sambamba na ya kwanza kama mapacha waliovaa shati moja, tunapata asilimia sabini na tano.

(Makofi ya kweli sasa. Mpiga ngoma akagonga mara mbili. Yayra hakuketi. Alikuwa amewakonyeza waongozaji wenzake, na waongozaji wakawakonyeza mama zao.)

Naona mnafurahi! Basi kwa nini niwafiche? Tukijumlisha na maandalizi ya kisaikolojia, tisini na mbili!

(Kina mama wakainuka, leso nyeupe juu, wakamchezea na kumpepea usoni hadi miwani ikateleza. "Dzokoto! Dzokoto! Mtoto wa nani huyu?" Yayra akapaza sauti: "Nane tu zimebaki, baba! Utatuacha njiani?")

Mimi? Mimi Innocent Dzokoto nimwache mtu njiani? Andikeni! Asilimia mia!

(Ngoma, vigelegele, mbuzi akakimbia mwenyewe. Tsiami Agbenu akagonga fimbo yake chini, watu wakanyamaza. "Mheshimiwa, nimpelekee chifu hivyo? Kwamba mradi umekamilika?")

Mpelekee! Tena mwongezee, mia na kumi na saba, kwa sababu sisi katika kurugenzi lengo hatulifikii, tunalipita!

(Tsiami akainama sikioni kwa chifu, neno moja tu: "Umekamilika." Chifu akaitikia kwa kichwa polepole. "Kigoda kimesikia." Pale pale Yayra akatoa barua kwenye kanga, akaisoma ile sehemu ya "hadi mradi utakapokamilika", akaikunja vizuri na kuwageukia wageni: "Haya, wajomba na mashangazi, funga kamba za viatu. Tunapanda!")

Naomba kufafanua. Dada Yayra, ngoja. Neno "kukamilika" katika muktadha huu lina maana pana, ya kimchakato, inayozingatia dhamira ya mradi zaidi ya mradi wenyewe, na kwa hiyo si sahihi kabisa kulichukua lilivyo na kuondoka nalo kwenda...

(Tsiami: "Mheshimiwa, neno lako limeshamfikia Togbui. Nimwambie kwamba amesikia vibaya?")

Hapana! Hapana, hapana, Togbui hawezi kusikia vibaya. Mimi ni mtoto wa milima hii, najua. Basi na iwe. Kwa mamlaka niliyonayo, ninatamka kwamba waongozaji wanaoondoka sasa hivi bila ruhusa yangu wanaondoka kwa ruhusa yangu, na ieleweke kwenye kumbukumbu kwamba wazo lilikuwa langu tangu mwanzo.

(Wageni walishaanza kupanda, Yayra mbele, fimbo za chuma zikigonga mawe. Nusu ya mkutano ikawafuata kuona.)

Kwa ninyi mliobaki, semeni nami. Njia ya Dzali! ("Iko wazi!") Maporomoko yetu! ("Yako pale pale!") Kurugenzi Ndogo! (Mtu mmoja alikohoa.) Asante kwa kikohozi hicho, kinaonyesha ushirikishwaji.

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mtaalamu mshauri, aliyechora madaraja yote tisa kwa penseli katika mchana mmoja, na ambaye tunaendelea kumtafuta ili atuonyeshe mchoro. Nawashukuru mafundi, ambao kwa kuwa hatukuwahi kuwaajiri hakuna hata mmoja aliyeumia, rekodi ya usalama kazini ambayo mataifa makubwa yanaililia. Nazishukuru mbao, zilizobaki mtini. Na kwa namna ya pekee kabisa namshukuru Efo Dotse, kaka yetu mwenye mgongo mpana, aliyenibeba asubuhi hii kunivusha mto pale penye daraja namba moja, maana bila yeye nisingefika kulizindua. Efo Dotse, uko wapi? Gari langu liko ng'ambo, na naona maji yamepanda. Efo Dotse!

(Efo Dotse alikuwa ameshafika kwenye kona ya kwanza, mikoba ya wageni wawili mgongoni. Alijibu bila kugeuka: "Pita darajani, Mheshimiwa!")

Asanteni kwa kunisikiliza.