Siku Treni Ilipopanda Kinole Juu ya Mlango wa Mosi

Sogeeni karibu, enyi mlioketi mbali. Nawe unayechezea simu pale nyuma, ilaze kifudifudi, kwani nitakayoyanena leo hayajapata kunenwa. Sitawasifu masultani wala majemadari, maana hao wamekwisha kusifiwa hata wamechoka wenyewe. Namsifu Mwinjuma bin Hashimu, Simba wa Mdalasini, Bwana wa Iliki na Pilipili Manga, mwenye meza yake katika soko la Morogoro. Mtu mfupi, mwenye kitambi cha heshima na goti la kulia linalolalamika kila akichuchumaa. Huyu ndiye aliyeipandisha treni katika milima ya Uluguru, jambo ambalo Wajerumani walioitandaza reli walilikwepa, na Waingereza waliowafuata wakalikwepa vilevile. Treni yenyewe ilikuwa na urefu wa mkono wa mtoto, lakini msicheke kabla sijamaliza.

Ijulikane kwanza kwamba katika zama zetu hizi, mjini humo pana chama cha watu wazima, wenye akili timamu na ndoa zao, wanaojenga reli ndogo majumbani na kutumiana picha katika kundi la simu. Mwenyekiti wao ni Mwalimu Editha, aliyeijenga stesheni nzima ya Mikese ndani ya sanduku la nguo: ukifunua kifuniko unawakuta wasafiri wamesimama, ukikifunika wanalala. Yumo pia Laurenti Mkono wa Grisi, fundi wa kiwanda cha sukari, ambaye treni yake hubeba vipande vya miwa vya kweli, na kila Jumapili inabidi afukuze sisimizi kabla ya safari ya kwanza. Watu hawa husifiana, huoneana wivu, hupeana ushauri ambao haukuombwa, na kwa jumla ni watu wa furaha.

Sheria yao ni moja, nayo ni ngumu. Hakuna atakayewekewa kibendera cha kijani ubavuni mwa jina lake mpaka treni yake izunguke mzunguko mmoja mzima, ipigwe video isiyokatwa, mbele ya shahidi wa chama, pasipo mkono wa mtu kugusa treni wala reli. Wenzake wote walikuwa nacho. Mwinjuma peke yake jina lake lilikaa uchi, naye jambo hilo lilimuuma kuliko goti.

Lilimuuma kwa sababu yeye hakujenga reli ya kawaida. Baba yake aliteremsha ndizi na viungo kichwani kutoka kijiji cha Kinole, huko mlimani, kwenye tope, mvua ikimpiga. Naye Mwinjuma mwenyewe ameiteremsha pilipili kwa njia hiyohiyo kabla pikipiki hazijajaa. Tangu utotoni alisikia honi ya treni ikitoka bondeni, inapita Mikese, inapita mjini, inakwenda zake Dodoma bila hata kuuliza kama mlimani kuna mtu. Basi alipoupata mkononi ule mfano wa treni, kwenye lundo la mtumba, aliapa kwamba hii yake itapanda. Akafinyanga Uluguru kwa magazeti na uji wa ngano, akaotesha misitu ya vikonyo vya karafuu, akatoboa handaki tumboni mwa mlima, na kileleni akaisimamisha Kinole, nyumba za viberiti, wakazi wake kunde zilizochorwa macho.

Na ufalme huo wote aliujenga juu ya mlango. Ulikuwa mlango wa plaiwudi wa chumba cha wageni, aliouchomoa kwenye bawaba zake siku mkewe Mosi alipokwenda msibani, akaulaza sebuleni juu ya makreti ya soda, mawili mwisho huu na mawili mwisho ule. Chumba kikabaki na pazia. Miezi ikapita, kila wiki ikaahidiwa kuwa ya mwisho, hata masika yakaingia.

Ndipo ikaja habari kwamba Bibi Mwanvita, mama yake Mosi, anateremka kutoka Kinole kuja kutazamwa macho, na atalala. Jumamosi ile, baada ya chai, Mosi Mwenye Mlango akasimama katikati ya sebule, panga la kukatia kuni mkononi, akahutubu.

"Baba Rehema, nimevumilia. Nilivumilia ulipopikia gundi katika sufuria yangu ya uji. Nilivumilia kunde zangu zikichorwa macho. Lakini mama yangu mzazi hatalala nyuma ya pazia, na wewe mkwewe unakoroma chumba cha pili! Halijatokea katika ukoo wetu. Sasa sikiliza, na Laurenti awe shahidi. Treni yako ikizunguka mzunguko wake kabla mama hajavuka kizingiti hiki, nitakwenda mwenyewe kwa seremala nikachongeshe mlango mwingine, na huu utakuwa wako mpaka tuzikane. Isipozunguka, nakwangua mlima, narudisha mlango wangu."

"Ewe Mosi, nuru ya jiko langu," akajibu Mwinjuma, mkono kifuani, "panga hilo likitoka alani, Kinole itaangamia na watu wake!"

"Watu wake nitawapika na nazi," akasema Mosi, akaingia jikoni.

Basi vita vikaanza. Laurenti, aliyekuja kwa ajili ya ushahidi, akainua simu yake juu. Mwinjuma akaweka punje moja ya pilipili manga katika behewa la nyuma, iwe shehena, akabonyeza swichi. Treni ikang'oka Kinole kwa madaha, ikashuka mteremko wa mdalasini, ikakata kona ya Bigwa, ikasimama mjini ikapumua, ikageuka kuukabili mlima. Mwinjuma akashika kofia yake. Treni ikaingia handakini kwa kishindo cha shujaa, na humo ikabaki, magurudumu yakilia bila kusogea. Waliitoa, wakaanza upya, ikakwama tena palepale.

Laurenti akapiga magoti, akafumba jicho moja, akautazama mlango kwa ubavu. "Kaka," akasema kwa huzuni, "mlima wako umelewa maji. Magazeti yamefyonza unyevu wote wa masika, Uluguru imekuwa nzito, na mlango umebonyea katikati. Treni inaingia shimoni, haiwezi kutoka."

Ndilo kosa la Mwinjuma, na tuliseme wazi: aliujenga mlima wa mvua kwa vitu vinavyokunywa mvua, halafu akaegemeza ncha mbili tu. Wakatafuta nguzo. Wakaleta kigoda, kikawa kifupi. Wakaleta ndoo, ikawa ndefu, ikaisukuma Uluguru juu hata wakazi wa Kinole wakabingirika bondeni, ikabidi waokotwe mmojammoja na kurudishwa makwao. Wakaleta kigoda na kitabu cha simu cha zamani, vikateleza. Na hapo simu ya Mosi ikalia jikoni.

"Mama yuko Bigwa!" akatangaza kwa sauti ya mpiga mbiu. "Amepata bodaboda!"

Mwinjuma akautazama mlima wake, akaona karafuu zilizosimama vizuri vile, akaona nyumba za viberiti, akamkumbuka baba yake na mzigo kichwani. Kisha akavua kofia, akaiweka juu ya kochi, akashuka chini kwa miguu na mikono, akaingia uvunguni mwa mlango.

"Kaka, goti lako!" Laurenti akalia.

"Goti ni langu," ikajibu sauti kutoka chini ya milima, "lakini Kinole ni ya wote. Bonyeza swichi, piga video, wala usikate!"

Akautuliza mgongo chini ya tumbo la mlango, akauinua kidogo, akaushusha kidogo, mpaka Laurenti alipopiga kelele kwamba reli imenyooka. Hivyo ndivyo mwuza viungo mmoja alivyoibeba Uluguru yote mgongoni. Treni ikang'oka. Yeye hakuiona, aliisikia tu ikitambaa juu ya uti wake, ikishuka kuelekea shingoni, ikikata kona karibu na bega. Goti likaanza kuimba. Jasho likamwingia machoni, na hakuwa na mkono wa kulifutia.

Na katika saa hiyohiyo, treni ikiwa mjini bado haijaukabili mlima, pikipiki ikanguruma nje, na Bibi Mwanvita akatokea mlangoni, mkungu wa ndizi kichwani, mguu mmoja umekwisha kuinuka kuvuka kizingiti. Mosi akatoka jikoni mbio. Macho yake yakatua kwenye mguu ule, yasibanduke.

Lakini mguu haukuvuka. Maana Bibi Mwanvita, ambaye macho yake yaliona nusu ya mambo, alimwona mkwewe ameanguka chini kwa magoti na mikono, kichwa kimeelekea kwake, uso karibu kugusa sakafu. Katika maisha yake marefu alikuwa na wakwe wengi, na wote humsalimia kwa kuinama kidogo kama wanaokwepa tawi. Hakuwahi kuona heshima ya namna hii.

"Shikamoo mama!" Mwinjuma akaguta kutoka uvunguni, kwani adabu ni adabu hata chini ya mlima.

"Marahaba, marahaba mwanangu!" Bibi akarudisha mguu nyuma, akatua ndizi, maana salamu kama hiyo haijibiwi juujuu na mtu mwenye mzigo kichwani. "Hujambo baba?"

"Sijambo mama."

"Hali ya hapa?"

"Nzuri mama." Gurudumu likaingia handakini.

"Watoto?"

"Wazima... mama." Treni ikafika mahali pa maangamizi. Mwinjuma akakaza mgongo.

"Na biashara? Na kifua kile cha mwaka jana? Na Rehema na mumewe? Na majirani wale waliofiwa?"

Kwa kila jibu treni ikapanda kidogo, na kwa kila swali Bibi akatafuta jingine, kwani hakutaka kuwa yeye wa kwanza kuikatisha heshima ile. Laurenti alikuwa akiifuata treni kwa simu yake. Mosi, hakimu asiye na upendeleo, alisimama bado na macho yake mguuni, lakini ilipoonekana kwamba maswali yanamwishia mama yake, aliinama akamnong'oneza, "Hujamuuliza goti, mama."

"Na goti?" akauliza Bibi Mwanvita.

"Linamshukuru Mungu, mama!" akalia Mwinjuma, na papo hapo treni ikachomoza, ikapita karafuu, ikasimama mbele ya kunde zote za Kinole.

"Imezunguka!" Laurenti akapaza sauti. Ndipo Bibi akavuka kizingiti.

Walimvuta Mwinjuma nje, wakamnyoosha kwa awamu. Bibi Mwanvita akausogelea mlima hadi pua ikaugusa, akaonyeshwa kijiji chake, akaonyeshwa nyumba yake, kiberiti chenye paa la karatasi ya sigara. Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaona ile punje katika behewa, akaambiwa kwamba pilipili hiyo imetoka Kinole, imefika mjini, imerudi Kinole.

"Mbona imerudi?" akauliza. "Soko limeikataa?"

Wala hakungoja jibu. Akaichukua, akaitafuna, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ya kwetu," akasema.

Video ilipofika katika kundi, ubishi ukazuka kama mgongo ni msaada. Mwalimu Editha akatuma hukumu kwa sauti: "Sheria inataja mkono. Mgongo haukutajwa." Kibendera cha kijani kikapepea ubavuni mwa jina la Mwinjuma, naye akakitazama mpaka chai ikapoa. Mosi akashika njia ya kwa seremala kama alivyoapa. Na kwa kuwa mlango mpya haungeweza kupatikana siku ile, na pazia ni pazia, shujaa akafungashwa mkeka akalale kwa Laurenti, huko kwenye sisimizi.

Hivyo ndivyo reli ilivyofika Kinole. Bibi Mwanvita alitazamwa macho, akapewa miwani, akarudi kwao. Na tangu arudi, wakwe zake wengine hawana raha. Wakija kumsalimia na kuinama kidogo, huwatazama juu ya miwani yake, asiitikie upesi. "Mwenzenu wa mjini," huwaambia, "ananiamkia na mlima mgongoni."